Kumtoa kijana mtaani asirudi: mwongozo kamili kwa vikundi na kamati za mtaa

Vikundi vingi vinavyojaribu kumsaidia kijana anayelala nje huishia pale pale. Chakula kimegawiwa, nguo zimenunuliwa, nauli ya kwenda kwao imetolewa, na baada ya wiki chache yuko tena kwenye baraza la duka lile lile. Wahusika wanakata tamaa na kusema, "Hawa wameshazoea."

Hawajazoea. Kanisa lilitoa nguo, msikiti ukatoa futari, kikundi cha akina mama kikatoa nauli, afisa ustawi akaandika jina, na hakuna aliyejua mwenzake amefanya nini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiunganisha misaada hiyo iwe safari ya kijana mmoja, akisindikizwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Mifano nimeichukua Mwanza kwa sababu jiji hilo linaonyesha tatizo waziwazi. Kijana anaweza kulala kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ambako ni Manispaa ya Ilemela, na mchana akabeba mizigo katikati ya jiji, ambako ni Nyamagana. Hizo ni halmashauri mbili zenye maafisa ustawi tofauti na mafaili tofauti, na kijana ni huyo huyo. Ukiwa Dodoma, Arusha au Temeke majina yatabadilika, lakini hatua ni hizi hizi.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Watu watano hadi wanane ambao wana hakika watakuwepo mwaka mzima. Wawemo wanawake, na ikiwezekana awemo mtu mzima aliyewahi kuishi mtaani mwenyewe.
- Kaunta buku moja, kila kijana na kurasa zake, na sanduku lenye kufuli la kulihifadhi.
- Simu ya kikundi yenye laini isiyobadilika. Kijana atapoteza kila kitu, lakini namba moja anaweza kuikariri.
- Orodha ya namba: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, afisa maendeleo ya jamii wa kata, mtendaji wa mtaa, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, muuguzi wa zahanati ya karibu, na mafundi wawili watatu wanaopokea wanafunzi. Ongeza 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bure.
- Barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa.
- Fungu la fedha linalotosha vijana watatu kwa miezi sita. Msianze na ishirini. Mkiwafikisha watatu mwisho wa safari vizuri, wa nne atakuja mwenyewe.

Jengo halimo kwenye orodha hii, na nimeliacha makusudi. Vikundi vingi huanza kwa kuchangisha ili wajenge kituo. Makao ya watoto yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kuyaendesha bila leseni ni kosa. Hata yakiwa na leseni, mishahara, chakula na umeme humeza fedha zote, na anayekosa ni kijana ambaye angehitaji godoro na kodi ya chumba tu.

## Hatua ya 1: Ingieni kwenye kamati iliyopo

Msiunde kamati mpya. Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, zipo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia mtaa na kijiji, kata, hadi halmashauri. Sehemu nyingine zimelala, sehemu nyingine zinafanya kazi vizuri sana. Nendeni kwa mtendaji wa kata, ombeni kikao, mjitambulishe na barua yenu.

Sababu ni ya kivitendo. Afisa ustawi ndiye mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mtoto aliye hatarini. Mkifanya kazi bila yeye, siku mzazi atakapodai mmemteka mwanawe hamtakuwa na pa kushika.

Kikao hicho kitoke na mgawanyo wa kazi ulioandikwa: nani anatembea usiku, nani anashughulika na hospitali, nani anazungumza na familia, nani anatafuta kazi na vyumba. Kama ilivyo Mwanza, ambako vijana wanavuka mpaka wa halmashauri kila siku, ombeni maafisa ustawi wa pande zote mbili wakubaliane kwamba faili litashikwa na yule wa eneo analolala kijana. Mkitoka bila kukubaliana hilo, rudini tena.

## Hatua ya 2: Tembeeni usiku kabla hamjatoa chochote

Mchana utawaona wengi ambao jioni wanarudi kwa mama zao. Wapo wanaoishi mtaani na wapo wanaofanya kazi mtaani tu, na mahitaji yao hayafanani. Nendeni kati ya saa nne na saa saba usiku, wawili wawili, mkiwa mmewaarifu polisi na ulinzi shirikishi.

Andikeni mahali panapolaliwa: stendi, mwaloni, mabaraza ya maduka, magari mabovu, majumba yasiyoisha. Stendi za Nyamhongolo na Nyegezi zinastahili macho ya alfajiri pia, mabasi yanapoingia, kwa sababu mtoto aliyeshuka jana kutoka Geita au Simiyu ni rahisi sana kumrudisha kuliko aliyekaa mwaka. Saa za kwanza zina thamani hiyo. Ongeeni na makondakta, mawakala wa tiketi na mama ntilie wa stendi, maana wao ndio humwona wa kwanza.

Wasichana hamtawaona barazani. Wengi walikuja mjini kufanya kazi za ndani, wakafukuzwa au wakakimbia, na wanalala kwa rafiki, kwenye vyumba vya nyuma vya baa, au kwa mwanaume anayedai malipo yake. Wapateni kupitia wauza chakula, wasusi na wahudumu wa baa, na anayekwenda kuzungumza nao awe mwanamke.

Onyo: msipige picha. Hata moja. Kijana aliyewahi kupigwa picha akila wali wa msaada na kujiona kwenye simu ya mtu hatawaamini tena, na ana haki.

## Hatua ya 3: Jengeni imani kwa wiki kadhaa

Hapa ndipo wengi hukosa subira. Mtu aliyejifunza kwamba kila mkubwa anataka kitu hatakwambia jina lake la kweli siku ya kwanza. Atakupa jina la mtaani, umri wa uongo na mkoa wa uongo. Andika alichosema, usimbishie.

Nendeni siku ile ile, saa ile ile, watu wale wale. Chukueni sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu kidonda kinachosafishwa hufungua mazungumzo kuliko swali lolote. Usigawe fedha taslimu. Wadogo hunyang'anywa na wakubwa kabla hujafika kona, na wewe utageuka sababu ya kipigo.

Mazungumzo yawe mafupi.

"Shikamoo anko."

"Marahaba, mdogo wangu. Mguu unaendeleaje?"

"Unauma kidogo."

"Kesho saa mbili nakuja, tunakwenda zahanati. Nisubiri pale kwa mama wa chai."

Kesho yake uende kweli. Ukishindwa, mtume mtu akaseme umeshindwa. Ahadi ndogo zilizotimia ndizo zitakazokufikisha kwenye ile kubwa.

Utajua muda umefika kijana atakapokuuliza yeye swali: "Hivi nikitaka kuacha huku, naanzaje?" Wengine husema kwa njia nyingine, wanakuletea mdogo wao wakasema msaidieni huyu kwanza. Ni swali hilo hilo.

## Hatua ya 4: Mpe msindikizaji, fungueni ukurasa

Kila kijana apewe mtu mmoja. Msindikizaji ndiye anayekwenda naye hospitali, anayezungumza na fundi, anayepiga simu kijijini. Wengine wote wanapitia kwake. Mtu mmoja asibebe zaidi ya vijana watatu, na kila msindikizaji awe na mwenzake anayejua kesi zake, ili akiugua mambo yasikwame. Asimlaze kijana nyumbani kwake bila afisa ustawi kujua, na asikae naye faragha mahali pasipoonekana. Kanuni hii inamlinda mtoto kwanza, kisha inamlinda msindikizaji.

Kwenye ukurasa andikeni tarehe, jina analolitumia, umri anaousema, kwao ni wapi, aliondoka kwa nini, nani anamkumbuka kwa wema, anajua kufanya nini, na anataka nini. Swali la mtu anayemkumbuka kwa wema lisikosekane. Kila mtoto ana shangazi, bibi, mwalimu au jirani, na mara nyingi njia ya kurudi hupitia kwa huyo badala ya kwa baba.

Swali la umri linagawa njia. Chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na yeyote katika jamii anayejua haki zake zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa. Fuateni hatua ya 6. Akiwa na 18 au zaidi ni mtu mzima anayejiamulia, nanyi mwende hatua ya 7. Akiwa hana uhakika, mchukulieni kuwa mtoto mpaka ithibitike vingine.

## Hatua ya 5: Afya, na yasiyosubiri

Kuna jambo moja lenye saa yake. Aliyebakwa au kulawitiwa afikishwe hospitali mara moja, maana dawa ya kuzuia VVU inafanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Pelekeni kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono kama hospitali inacho, ambako daktari, polisi na ustawi wako pamoja. Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kupimwa. Matibabu yasisubiri PF3, fomu ya polisi ya matibabu, itafutwe mji mzima. Mmoja ashughulike na fomu, mwingine akae na mtoto.

Mengine yaende kwa utaratibu: kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu, ambacho hutibiwa bure, na vilevile dawa za VVU. Gharama nyingine zikishinda, ofisi ya ustawi ndani ya hospitali za serikali ndiyo inayoshughulikia msamaha wa asiye na uwezo. Msindikizaji aende na barua ya mtaa.

Kuhusu ulevi, tofautisheni. Anayetumia heroini anaweza kuandikishwa kliniki ya methadoni. Gundi na petroli hazina dawa ya namna hiyo. Kinachosaidia ni usingizi salama, chakula, shughuli na watu, na kupunguza kidogo kidogo. Msiweke sharti la kuacha gundi kwanza ndipo asaidiwe. Anavuta ili asisikie baridi na njaa, na sharti hilo linamwacha humo humo.

## Hatua ya 6: Aliye chini ya miaka 18, kurudi nyumbani

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kumkatia tiketi. Kilichomtoa nyumbani bado kipo pale: kipigo, njaa, baba wa kambo, kuchungishwa ng'ombe badala ya shule, msiba uliomwacha bila mtu. Ukimrudisha kwenye kitu kile kile atatoroka tena, safari hii kwa aibu zaidi, na atakwenda mji wa mbali zaidi.

Endeni hivi.

Kwanza, pigeni simu kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa wilaya anakotoka. Msipige kwa mzazi kabla hamjajua hali ya nyumba.

Pili, mtu mzima aende bila mtoto. Aone nyumba, aongee na mzazi, na pia na jirani na mwalimu mkuu. Amuulize mzazi, "Akirudi, ni kitu gani kitabadilika?" Mzazi asiye na jibu hayuko tayari, hata akilia machozi. Mara nyingi hatendi kwa ukatili, amelemewa tu. Kaya maskini iulizwe kama imo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kama mzazi anahitaji mtaji mdogo wa kuuza mboga, fedha hiyo itamweka mtoto nyumbani kuliko nauli.

Tatu, mtoto mwenyewe akubali. Aongee na mama yake kwa simu kwanza, hata mara kadhaa. Akikataa, msikilizeni. Kuna anachojua ambacho hamjakiona.

Nne, makabidhiano yafanyike kwa maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji, na afisa ustawi wa wilaya hiyo asaini. Msindikizaji amfikishe mwenyewe, alale kijijini ikiwezekana, na siku ya pili amfikishe shule. Elimu ya msingi ya serikali haina ada, lakini sare, madaftari na michango humkwamisha mtoto siku ya kwanza, kwa hiyo fungu hilo liwe mkononi. Aliyepitwa na umri wa darasa lake aulizwe nafasi ya MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa.

Nyumbani kukiwa hakufai, ulizeni kwa bibi, shangazi au mjomba. Pasipokuwa na ndugu, afisa ustawi anaweza kumweka kwa mlezi wa kuaminika, yaani familia iliyochunguzwa na kuidhinishwa kumpokea mtoto kwa muda. Katani mwenu hakuna? Hiyo ni kazi nzuri sana kwa kikundi chenu: tafuteni familia tatu zenye moyo, mzipeleke kwa afisa ustawi zichunguzwe na kufundishwa. Makao ya watoto yawe mlango wa mwisho.

Jirani akikwambia, "Sasa hata asubuhi nasikia anaitwa kwa jina lake," hiyo ni dalili njema kuliko ripoti yoyote.

## Hatua ya 7: Mwenye miaka 18 na zaidi, chumba na kazi

Wengi hawa hawarudi kwao na hawahitaji kurudi. Wanahitaji kuishi mjini kama vijana wengine. Mambo matatu yaende pamoja: kitambulisho, kazi, chumba. Kimoja kikitangulia peke yake kinaanguka.

Kitambulisho. Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hasajili laini kwa jina lake, na bila laini hana pochi ya fedha kwenye simu. Atatumia laini ya mtu, na siku moja akiba yake itaondoka na huyo mtu. Anzeni serikali ya mtaa, ambako fomu hugongwa muhuri. Kusanyeni chochote kinachomtambulisha: rejista ya shule aliyosoma, cheti cha darasa la saba, kadi ya kliniki, kitambulisho cha mzazi. Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mikoa ya mpakani maswali ya uraia huwa mengi, kwa hiyo msindikizaji asimwache aende peke yake. Ni kazi ya miezi, ianze mapema.

Kazi. Muulize anachojua tayari. Aliyeosha magari miaka mitatu anaifahamu gereji. Aliyebeba dagaa mwaloni anajua bei, msimu na wateja. Mpelekeni kwa fundi anayekubali kumfundisha, mkaandike makubaliano: muda, saa, chakula cha mchana, nani ananunua vifaa. Mlipeni fundi kwa mafungu, fungu la mwisho baada ya kijana kumaliza. Akishaiva, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima ujuzi wa aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani mwanzo. Baadaye, vijana wakiwa kikundi kilichosajiliwa wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Msiwakimbize huko mapema. Deni la kwanza kabla ya tabia ya kuweka akiba litawavunja na kuvunja kikundi.

Chumba. Kikwazo ni kodi ya miezi sita au mwaka inayodaiwa mara moja. Nendeni kwa mwenye nyumba na mjumbe, ombeni miezi mitatu, kikundi kikiwa mdhamini kwa maandishi. Lipeni moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Vijana wawili wanaoelewana washirikiane chumba, kwa kuwa upweke wa usiku wa kwanza ndani ya kuta nne ni mkubwa, na wengi hurudi barazani kwa sababu ya kukosa sauti za wenzao. Chumba kisiwe mbali na kazi, wala kisiwe uchochoro ule ule wa maskani. Wapeni godoro, shuka, chandarua, ndoo mbili, jiko, sufuria na kufuli.

Tangu mwezi wa kwanza kijana achangie kitu, hata kidogo, na mchango ukue: robo, nusu, yote ifikapo mwezi wa sita. Mwambieni ratiba hiyo siku ya kwanza, isiwe ghafla. Mwenye nyumba akianza kumpigia kijana badala ya kuwapigia ninyi, mmefika.

## Hatua ya 8: Zungumzeni na polisi na mgambo mapema

Msako mmoja unaweza kufuta kazi ya miezi. Vijana wanakamatwa, wanatawanyika, wanahama mji, na daftari lenu linabaki na majina yasiyo na watu. Nendeni kwa mkuu wa kituo kabla ya msimu wa sherehe na ziara za viongozi, ambapo misako huongezeka, na mwombe kijana aliye kwenye daftari akikamatwa msindikizaji apigiwe simu.

Mkisikia kwamba kulala nje ni uzururaji, vifungu vinavyotajwa ni vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu. Waelezeni kwa heshima kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni ya kisheria Desemba 2020 kuwa sheria za uzururaji za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Aliye chini ya miaka 18 apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto, asiwekwe mahabusu na watu wazima.

## Hatua ya 9: Ufuatiliaji, na kufunga ukurasa

Wiki ya kwanza piga simu au pita kila siku mbili. Mwezi wa kwanza, kila wiki. Baada ya hapo mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, ukimwona kwa macho, na kwa mtoto aliyerudi kijijini ukimsikia mwalimu wake pia. Kamati ikutane mara moja kwa mwezi na daftari mezani, kila ukurasa usomwe: kilichoahidiwa, nani, kimefanyika au la. Majina yasitoke nje ya chumba hicho.

Baadhi watarudi mtaani, mara nyingi baada ya ugomvi na fundi, ugonjwa, au mapenzi kuvunjika. Msindikizaji amfuate ndani ya siku tatu, asimhoji, aulize tu amekula nini na amelala wapi. Ukurasa ni ule ule, mtu ni yule yule, na mnaendelea pale mlipoishia. Mwenye nyumba aombwe kushikilia chumba kwa wiki mbili, jambo ambalo wengi hukubali wakiombwa vizuri.

Ukurasa unafungwa baada ya miezi kumi na mbili, mambo manne yakiwa yametimia: ana pa kulala ambapo hafukuzwi, ana chakula asichoomba, ana shule au kazi, na ana mtu mzima nje ya kikundi chenu ambaye angempigia simu usiku akiugua. Andikeni tarehe, msindikizaji na kijana wasaini, mwachieni namba ya simu ya kikundi, kisha fungueni ukurasa wa anayefuata.